Taa Iliyomtafuta Kuku

Mlinipigia makofi, mkanikatia keki yenye umbo la gari, kisha mkaniambia, "Senje, andika basi, usiondoke na kila kitu kichwani." Haya, nimeandika. Keki ilikuwa tamu. Aliyeipamba alisahau kuweka taa moja ya mbele, nami nikala upande huo kimya kimya, maana saa hiyo nilikuwa nimeshastaafu na gari lile halikuwa mgonjwa wangu tena.

Nililipwa nini, na ni mwaka gani niliitwa fundi mkuu wa taa, hayo sitawaandikia. Hayamwangazii mtu. Nitawaandikia juu ya ukuta, tanuri la mikate, na ghala la mahindi kule Likuyani, kwa sababu kila nilichokijua nilikipata katika sehemu hizo tatu.

Baba yangu alinileta mjini Kakamega nijifunze kushona. Darasa la cherehani lilikuwa limejaa. Jirani yake, nyuma ya soko, palikuwa na gereji, na mlangoni alisimama mzee mmoja mrefu wa Ikolomani, kichwani kofia ya sufu ingawa jua lilikuwa linachoma mabati. Huyo ndiye Mzee Ashioya, fundi wa umeme wa magari. Alinitazama kama mtu anayetazama waya asiojua unatoka wapi.

"Unajua nini, msichana?"

"Nilitaka kujifunza kushona."

"Basi una macho na una subira. Ingia."

Nilidhani nitapewa bisibisi. Nikapewa ndoo ya chokaa na brashi, nikaonyeshwa ukuta wa mwisho wa gereji. Niupake wote. Kufikia alasiri nilikuwa mweupe hadi kwenye nyusi, na hasira yangu ilikuwa imekauka pamoja na chokaa.

"Mzee, mimi nimekuja kufanya kazi ya gari, si ya nyumba."

"Gari halijui kama linaona," akasema. "Ukuta ndio unaolijulisha."

Akachukua kipande cha mkaa, akachora mstari ulionyooka kutoka pembe hadi pembe, kimo cha taa za gari. Akaleta gari, akaliegesha kwa mbali, akafunga milango ya gereji, akawasha taa. Mwanga ukalala ukutani chini ya mstari, ukinyanyuka kidogo tu upande wa kushoto. Kushoto ndiko wapita njia wanakotembea, akanieleza, na inabidi waonekane. Kulia kuna dereva anayekuja, na macho yake si ya kuchomwa. "Mwanga mzuri una adabu," alisema. "Unainama mbele ya wageni."

Ukuta ule nimeupaka upya miaka yote, na mstari ule nimeuchora upya. Yeyote kati yenu atakayetundika kalenda pale nitajua.

Siku hizo kazi ilikuwa nyepesi. Taa ya gari ilikuwa kioo cha mviringo, na ilikuwa kama sufuria: ya huyu ilimfaa yule. Ikivunjika unaenda dukani, unarudi kabla chai haijapoa. Kisha yakaanza kuingia haya magari ya mtumba yenye taa za plastiki zilizofungwa pande zote, zimechongoka kama macho ya paka, kila gari na zake. Taa ikawa kama meno ya bandia. Ya jirani hata ukipewa bure hayakufai. Nikaona wanaume wazima waliobishana wiki nzima juu ya injini, tairi na redio wakinunua gari, wakija kwetu baadaye kuuliza bei ya taa moja, wakikaa chini. Walikuwa wakiambiwa bei ya mtamba.

Kwa hiyo tulijifunza kutibu kabla ya kubadilisha. Taa za aina hiyo zimegandishwa kwa gundi, na gundi hailegei ila kwa joto. Mzee Ashioya alijaribu maji ya moto. Alijaribu pasi. Mwishowe akatazama ng'ambo ya ukuta, kule kulikotoka harufu ya mkate.

Mwoka mikate wetu alikuwa Bwana Rajabu, mtu wa Mumias, mpole, mwenye tumbo la kazi. Mzee Ashioya alimwendea akibeba taa mikononi kama mtoto mchanga.

"Asalaam aleikum, Bwana Rajabu. Tumekuletea mgonjwa."

"Waleikum salaam. Huyu anakula nini?"

"Joto tu. Lile linalobaki mikate ikishatoka."

Bwana Rajabu alikubali kwa masharti yake. Mkate kwanza, taa baadaye. Taa isiguse sinia lake, ilazwe juu ya ubao wenye kitambaa kibichi. Na mtu wa gereji asimame hapo hapo, asiende kupiga domo. Sharti la tatu lilitoka siku Mzee Ashioya alipoenda kutazama ng'ombe dume wakipitishwa barabarani na ngoma za isukuti, akarudi akakuta taa imelala kama chapati. Bwana Rajabu aliitoa kwa koleo, akaitazama pande zote. "Hii sasa siwezi kuiuza," akasema, "hata kwa chai."

Lakini ikitoka kwa wakati wake, gundi imelegea, unaingiza bisibisi bapa pole pole na kioo kinaachana na mgongo wake kwa sauti ndogo, kama mtu anayeamka. Unafuta maji, unakausha kwa blowdraya (yangu niliinunua kwa saluni iliyofungwa, na hadi leo inanukia mafuta ya nywele), unaweka gundi mpya, unafunga. Nimefungua taa nyingi kwa njia hiyo. Zote zilirudi kwa wenyewe zikinukia mkate kidogo.

Sasa niwaambie jinsi nilivyopata jina, kwa sababu ninyi mnaniita Senje bila kujua.

Mnajua hapa kwetu mtu haendi kununua gari peke yake. Huenda kama watu wanaoposa. Kuna mjomba wa kusema, mjomba wa kukataa, binamu wa kupiga picha. Ila fundi mwenye ovaroli akitokea kati yao, mwenye gari hubadilika uso. "Huyu asiguse mpaka mlipe kitu kidogo." Ndipo mwenye duka mmoja hapa mjini akaniambia, "Fundi, vaa kitenge, jifunge leso, twende kama shangazi yangu." Na shangazi wa upande wa baba, senje, nani wa kumkatalia? Kwenye boma lolote la kwetu senje hupita atakapo, hufunua sufuria asizozipika, na hakuna anayemuuliza anatafuta nini.

Hiyo ikawa kazi yangu ya pili. Nilikuwa nazunguka gari nikinung'unika juu ya vumbi, nafuta taa kwa leso, na vidole vinasoma. Taa nzima haitikisiki. Ikicheza kama jino la mtoto, vishikio vyake vimevunjika na vimebandikwa. Chapa ya taa ya kulia ifanane na ya kushoto. Zikitofautiana, gari limewahi kugonga kitu na hakuna aliyetaka kukutajia. Na inameni mnuse. Wapo wanaosugua taa iliyofifia kwa dawa ya meno ing'ae siku ya kuuza. Hung'aa kweli, mpaka mvua ya pili. Gari linalonukia dawa ya meno halikupiga mswaki bure. Tena, muuzaji mwenye taa mbovu hupenda jua la saa sita kuliko mjusi. Atakuwashia taa mchana, utaona zinawaka, utafurahi.

Hayo yote yalikuwa mchezo mpaka alipokuja Beatrice.

Beatrice ni mkunga. Anaishi Kabras na zahanati anakofanya kazi iko mbali na kwake, na watoto, kama mnavyojua, hawapendi kuzaliwa saa za ofisi. Alikuwa akitoka nyumbani alfajiri kwa bodaboda. Na barabara ile alfajiri mnaijua: ukungu mzito, na matrekta ya miwa yasiyo na hata tone la taa nyuma, mengine yamekwama katikati ya lami na dereva amelala juu ya mzigo. Asubuhi moja bodaboda yake ilijipachika nyuma ya tela la miwa lililosimama. Mwenye bodaboda alivunjika mkono. Beatrice alichubuka magoti, na yule mama aliyekuwa akimngojea akazalishwa na jirani yake aliyekuwa akitetemeka.

Alikuja gereji bado amefungwa bendeji. Alikuwa ameuza ng'ombe, akachukua zamu yake ya pesa za chama, akakusanya yote pamoja.

"Fundi," aliniambia, "pesa nilizo nazo ni za gari peke yake. Nikilipa, kwenye mkoba kutabaki kitambaa cha pua. Nikinunua gari halafu taa zinidai bei nyingine, litakaa nyumbani kama kuku wa mapambo, na mimi nitarudi kwa bodaboda. Tafadhali uniambie kabla. Usiniambie baada."

Gari lilikuwa Likuyani, kwa Mzee Barasa, mkulima wa mahindi kwenye shamba lililokuwa la mzungu. Tulienda wanne. Beatrice mwenyewe, mjomba wake Mchungaji Jairo, wa kusema, binamu yake Kevo, kijana wa mjini, wa kupiga picha, na mimi, kitenge na leso, bisibisi ndogo nimeichomeka ndani ya kilemba.

Mimi nilipanga nilione gari kwanza kabla ya maneno. Lakini mgeni wa kike kwenye boma huanzia jikoni, na mke wa Barasa, Mama Rose, alinishika mkono akaniketisha karibu na moto. Alikuwa na kilio chake. Kuku wake wa kahawia, mtagaji mzuri kuliko wote, alikuwa amepotea.

"Senje, mimi najua alipo," alisema akikoroga. "Yuko kwa tumbo la Barasa. Walikuja marafiki zake nikiwa kanisani. Nikarudi, kuku hakuna."

"Amekubali?"

"Mwanaume anakubalinga kitu? Ameapa kwa marehemu mama yake. Na mama yake ndiye alikuwa anapenda kuku!"

Nikiwa bado nampa pole, nikasikia nje wimbo, kisha sauti ya Mchungaji ikipanda, kisha "Amina!" kubwa. Nilitoka mbio. Mchungaji Jairo alikuwa ameweka mkono wake wote juu ya boneti, na Mzee Barasa kofia mkononi, wameinama pande mbili za gari dogo jeupe. Wameshapatana bei. Wameshashikana mikono. Na kwa vile wingu lilikuwa linajikusanya upande wa Kitale, Mchungaji aliona aliombee gari hapo hapo, badala ya kungoja tufike nyumbani kama watu wengine.

Hilo, wadogo zangu, ndilo kosa letu sisi watu wa huku, na nimeliona mara nyingi. Gari huombewa kabla ya kukaguliwa. Ukishaitikia amina, utasemaje tena kwamba lina kasoro?

"Karibu, Senje," Barasa aliniambia kwa uso uliotulia. "Kitu kimekwisha. Bei imeshafika mbinguni, sasa kuishusha ni dhambi."

"Mimi nafuta vumbi tu, mzee," nikasema.

Nikafuta. Taa ya kushoto chini kabisa, ndani ya kioo, kulikuwa na maji yametulia kama chozi lililokosa njia. Ya kulia ilikuwa safi, inang'aa, na chapa yake haikuwa ya mwenzake. Nikaguna. Kevo akanisogelea akiwa na simu yake.

"Senje, taa ziko poa. Mzee ameziwasha, si nimeona?"

"Umeona zikiwaka, Kevo. Sasa tunataka kujua kama zinaona."

"Taa inaona aje, Senje?"

Nilikuwa natazama ghala la Barasa. Lilijengwa zamani kwa mawe, halina dirisha, milango yake ya chuma ingemeza trekta. Mchana ule wa jua kali, ndani mlikuwa na giza kama la tumbo la chungu. Huo ulikuwa ukuta wa Mzee Ashioya umenifuata hadi Likuyani. Ila ningemwambiaje mwenye gari aliingize ghalani, mimi senje niliyekuja kupanguza vumbi?

Nikamgeukia Jairo. "Mchungaji, gari umeliombea juani. Huyu binti ataliendesha gizani. Giza nalo nani ataliombea?"

Mchungaji Jairo hajawahi kuona nafasi ya kuomba akaiacha ipite. Macho yake yaliwaka. "Neno," akasema. "Hilo ni neno. Mzee Barasa, tufungulie ghala. Tutaombea gari na mahindi pamoja."

Barasa angekataa gari kuingia, lakini mahindi yake yaombewe bure, atakataaje? Akafungua. Beatrice akaingiza gari pole pole hadi katikati ya magunia, Kevo akavuta milango, na giza likatufunika. Nilisikia pumzi za watu na vumbi la mahindi likinikwaruza koo.

"Washa, mwanangu," nikasema.

Beatrice akawasha.

Taa ya kushoto ilitoa mwanga wa njano uliochoka, ukafika hatua chache ukakata tamaa kabla ya kugusa gunia la kwanza. Ile ya kulia ilitoka kwa nguvu kama mkuki, ikapita juu ya magunia yote, ikapanda ukuta, ikaenda kugonga mbao za paa. Na pale juu, kwenye pembe ya boriti, ndani ya duara la mwanga safi kabisa, alikaa kuku wa kahawia juu ya mayai yake, ametukodolea macho kama mama mwenye nyumba aliyeingiliwa bila hodi.

"Ingokho yangu! Kuku wangu!" Mama Rose alipiga kelele iliyomnyamazisha Mchungaji aliyekuwa ameshafumba macho. "Ni yeye! Wee, ni yeye!"

"Si nilikwambia!" Barasa aliruka kama kijana. "Si nilikwambia sikumla! Mwezi mzima unaninyima mboga! Unaniita mwizi mbele ya watoto! Tazama! Kila mtu atazame!"

Alikuwa amenyoosha kidole juu, kifua mbele, mtu aliyeshinda kesi. Akabaki hivyo kidogo. Kisha nikaona kidole kinashuka chenyewe, na Barasa akageuka kulitazama gari, kisha paa, kisha gari. Taa ile ile iliyomfutia kesi moja ilikuwa imemfungulia nyingine.

"Mzee," nikasema kwa upole, "taa ya gari kazi yake si kutafuta kuku kwenye boriti."

Hakuna aliyecheka. Beatrice alikuwa ametoka garini akakaa juu ya gunia, mkoba wa pesa ameukumbatia.

"Senje, trekta la miwa huwa liko chini, barabarani," alisema, na sauti yake haikuwa na mchezo. "Mimi nitakuwa natazama wapi?"

"Juu, mwanangu. Utaona popo vizuri sana. Trekta utalisikia likishafika kifuani."

Barasa alivua kofia. "Sikiliza, Senje. Mimi sikumficha mtu. Fahali wangu aliligonga hapo langoni, upande huu. Fundi mmoja wa kupita akaniletea taa, akafunga, ikawaka. Mimi usiku siendeshangi. Jua likitua nakulanga, nalala. Ningejuaje kwamba inaangalia mbinguni?"

Nilimwamini. Taa ile haikuwa ya magari ya huku kwetu, ilitengenezewa nchi wanakoendesha upande wa kulia. Aliyeifunga aliona mwanga wake unawachoma madereva wa mbele, akaipindua juu ipite vichwa vyao, akaenda zake. Niliinua boneti nikasikiliza injini, na niliwaambia watu wote ukweli mzima, kwa sababu ndicho alichoniomba Beatrice: gari ni zuri, injini ni nzima, bei ni ya haki kwa gari lenye macho. Hili lilikuwa halina.

"Basi mzee apunguze," Kevo alisema. "Si rahisi?"

"Tumeshikana mikono," alijibu Barasa, na alikuwa ameumia kweli. "Na limeombewa. Nikirudi nyuma sasa, hapa Likuyani nitaitwa nani?"

Wote tukamtazama Mchungaji. Alijikuna shingo. "Amina siwezi kuirudisha," akakiri. "Sijawahi kuona andiko la kuirudisha."

Beatrice alisimama. Alianza kuufunga mkoba wake zipu, na sauti ya zipu ile ndani ya ghala ilikuwa kama mlango unaofungwa. Nilijua angerudi kwa bodaboda. Nilijua pia hatapata gari jingine kwa pesa zile.

Mama Rose alikuwa bado ametazama juu. Nadhani aliongea na kuku kwanza, kisha na mume wake.

"Baba Rose. Umeoza mabinti wangapi kwa boma hili?"

"Watatu. Unauliza nini?"

"Kuna aliyetoka mikono mitupu?"

"Hapana. Binti akiondoka hufungiwa mzigo."

"Na hili gari limekaa kwetu, limetubebea mbolea, limenipeleka kliniki. Leo linaondoka. Bei iache iko hivyo, imeshaombewa. Lifungie mzigo." Akapiga gunia lililo karibu naye kwa kiganja. "Mzigo si huu?"

Barasa alifikiri. Taratibu uso wake ukaanza kufunguka, kama mtu aliyeonyeshwa mlango kwenye ukuta wa nyumba yake mwenyewe. Akanigeukia.

"Senje, taa moja inakulanga magunia mangapi?"

Hapo ningeweza kusema taa mbili. Ningemfurahisha Beatrice na ningeondoka na sifa. Lakini Mzee Ashioya alinifundisha mwanga wenye adabu, na mzee huyu alikuwa amekubali aibu mbele ya wageni. "Hesabu moja tu, mzee," nikasema. "Hii iliyoona kuku haina dawa, lazima tutafute nyingine. Lakini hii ya machozi naijua. Tutaifungua, tutaikausha, tutafuta manjano yake, itaona."

"Mtaifungua na nini?"

"Na tanuri la mikate."

Barasa alinitazama kuanzia viatu hadi kichwani. Na kichwani, kwa ile mbio ya kutoka jikoni, kilemba kilikuwa kimelegea, bisibisi imechungulia. Niliinua mkono kuirudisha, ikaanguka sakafuni ikalia kama kengele.

"Huyu senje ana bisibisi!" alisema Barasa.

"Na mimi nina kisu kwa leso," Mama Rose akamjibu. "Mwanamke anatembea na chombo chake. Funga magunia."

Ndipo watu wakacheka. Barasa alicheka mpaka akaketi. Magunia yalifungwa nyuma ya gari na juu yake, pesa zikatoka kwenye mkoba, na Mchungaji akaomba tena, kwa ufupi. Kabla ya kuondoka tulikula obusuma, ugali wetu, na kuku, si yule wa boriti, yeye aliachwa na mayai yake. Sahani ilipofika kwa Barasa, firigisi ilikuwa juu, mahali pake pa kawaida pa mwenye boma. Aliitazama kwa muda. Akaisukuma kwa kijiko, polepole, mpaka kwenye sahani yangu.

"Kula, fundi," alisema. "Kwa leo wewe ndiye mzee."

Niliila. Kevo alipiga picha.

Mahindi tuliyauza, tukamtafuta muuza spea aliyekuwa amechinja gari la aina ile ile, tukapata taa ya kulia yenye chapa sawa na mwenzake. Ile ya kushoto niliipeleka mwenyewe kwa Bwana Rajabu. Alikuwa amezeeka, mwanawe ndiye aliyekuwa akioka, lakini alivuta kigoda akaketi mbele ya tanuri kunilinda nisiende kupiga domo. Taa ilitoka imelegea vizuri. Niliyamwaga maji yake, nikaikausha, nikasugua manjano kwa msasa laini hadi mkono ukafa ganzi, nikaifunga.

Jioni Beatrice aliingiza gari mbele ya ukuta. Mzee Ashioya alikuwa ameshalala Ikolomani, chini ya udongo wake mwekundu. Mstari wake ulikuwa pale. Tukafunga milango, Beatrice akawasha, na mwanga ukainama chini ya mstari, ukanyanyuka kidogo upande wa kushoto, kwa wapita njia. Beatrice alienda akaweka kiganja chake kwenye ukuta, ndani ya mwanga, kama anayepima homa ya mtoto.

"Inanukia mkate," alisema.

"Itaacha," nikamwambia.

Basi hayo ndiyo niliyonayo. Mteja akija kuwaambia amepata gari zuri, limebaki taa tu, mwambieni neno "tu" ndilo ghali kuliko yote. Mwambieni aingize gari gizani kabla ya kutoa pesa, na mchungaji angoje nje. Na ukuta muupake chokaa.

Nyumba yangu, wengine mmefika, iko pale barabara ya Kabras inapopinda, na dirisha la chumba cha kulala linatazama kona. Juma la kwanza la kustaafu nilichukua chaki nikachora mstari ukutani, juu kidogo ya kichwa cha kitanda. Mume wangu Zablon alisimama mlangoni na kikombe chake.

"Hata hapa?"

"Ni mstari tu."

"Si uliniambia umestaafu?"

"Mimi nimestaafu. Ukuta haujastaafu."

Alfajiri nyingi gari la Beatrice hupinda kona hiyo kabla jogoo hajaamua. Mwanga unaingia kupitia pazia, unatambaa ukutani chini ya chaki, unamvuka Zablon anayekoroma, unatoka. Mimi nautazama, nageuka, nalala.

Wiki iliyopita ukungu ulikuwa mzito kuliko kawaida. Niliamka kwa sauti ya injini iliyokohoa na kuzima pale pale konani, kisha harufu ya miwa iliyokatwa ikaingia dirishani. Nikajua ni trekta, na nikajua halina taa, kwa sababu ukutani kwangu hapakuwa na kitu. Niliketi kitandani. Nilisikia gari jingine linakuja kutoka upande wa Malava, linakuja kwa mwendo wa mtu anayengojewa.

Mwanga ukaingia. Ukapita chini ya mstari, ukanyanyuka kidogo kushoto, ukafika katikati ya ukuta, ukapunguza mwendo. Ukasimama.

Honi ililia mara moja. Kisha sauti ninayoijua ikapaa juu ya ukungu: "Baba, amka! Sogeza hiyo miwa, kuna mtu anazaa!"

Mtu akaruka kutoka juu ya mzigo akiomba radhi. Vyuma vikagongana, watu wakasukuma. Baada ya kidogo mwanga ukatikisika, ukasogea, ukapita pembeni, ukatoka ukutani kwangu, ukaenda zake upande wa zahanati.

Zablon alifungua jicho moja. "Ni nini?"

"Ni Beatrice. Ameona trekta."

"Basi si ulale."

Nikalala.